Punda Asiye na Mifupa

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kisha huliokota lile guu, hulipuliza kama tarumbeta, na mtaa mzima hutoka kucheza. Hivyo ndivyo ninavyofungua kila mchana kwenye ukumbi wa sinema wa Mzee Osmund Gama, hapa Isevya, Tabora, na hakuna anayeweza kuniambia nasema uongo, kwa sababu jambo lenyewe linatendeka nyuma yangu kwenye turubai. Polisi mwenye sharubu anamkataza punda kuvuka reli. Punda anavuka. Treni inampitia, mguu unaruka, anaudaka, anaupuliza. Moshi wa treni unageuka wanawake wanene wanaopiga makofi. Reli zinajinyanyua kutoka ardhini na kukata viuno.

“Mwongo huyo!” anapaaza sauti Mama Shija, muuza asali, kutoka mstari wa mbele. “Jana ulikuwa mguu wa kushoto!”

“Jana wewe ulikaa upande wa kulia,” namjibu kwenye kipaza sauti.

“Sasa mimi na mguu wake tunahusiana nini?”

“Muulize mwenyewe. Huyo anakuja.”

Na kweli punda anarefusha shingo mpaka nje ya ukingo wa picha, anamtazama Mama Shija, anamvulia kofia. Chini ya kofia kuna kofia nyingine. Chini ya hiyo kuna kuku anayetaga, naye anajifunika haraka kwa aibu. Ukumbi unaangua kicheko, Mama Shija akiwa wa kwanza.

Kazi yangu ni kutia maneno. Filamu ni bubu, nyeusi na nyeupe, imechorwa na watu waliokwisha kufa kabla bibi wa bibi yangu hajazaliwa, wala hawakuacha majina. Nasimama kando ya turubai nikiwa sauti ya punda, ya polisi, ya treni, ya mwezi unaopiga chafya. Zamani, wanasema wazee, kila kibanda cha video kilikuwa na mtu kama mimi, wa kuzigeuza sinema za ng’ambo zikawa mambo ya nyumbani. Mimi kazi hii nimeisomea. Nina stashahada ya Kiswahili, na sijawahi kuazima neno la mtu wakati langu ninalo.

Punda tulimwita Kengele, kwa sababu mwanzoni mwa filamu anameza kengele ya shule, na tangu hapo kila hatua yake inalia. Inalia kwa ulimi wangu: ngringi, ngringi. Miguu yake ni kama mipira ya kumwagilia bustani, haina goti wala kifundo. Mikono ina glavu nyeupe. Akishangaa, macho yanamtoka, yanakwenda yenyewe hadi kwenye jambo, yanalichunguza kwa karibu, kisha yanarudi kumwambia.

Mkanda wenyewe uliokotwa umeoza. Vipande vingi vilikuwa vimegandana kama tende, vingine vimebaki unga. Mzee Osmund alitafuta mashine ya kukisia: unailisha picha zilizopo, nayo inachora zilizopotea. Lakini fikiria. Picha moja punda anapiga chafya. Inayofuata yuko juu ya paa anakula mwavuli. Katikati kuna tobo. Ili kuliziba, haitoshi kujua mikono yake ina urefu gani. Lazima ujue kwa nini alipanda, na kama mwavuli ule aliutamani siku nyingi. Kwa hiyo mashine ilijifunza Kengele anapenda nini, anaogopa nini, anachekeshwa na nini. Na kwa kuwa matobo ni mengi kuliko picha, inayaziba upya kila mchana, na hakuna siku filamu imekuwa ileile. Wachoraji walimchora mwili. Mengine yote anayaishi ndani ya matobo.

Nilikuwa najua ananisikia. Nikisema “akaogopa”, anaogopa. Nikisema “akajifanya haogopi”, anajifanya, na jasho linamtoka likiwa na miguu, linakimbia. Nilidhani yeye ni mkono na mimi ndimi bega.

Kulikuwa na mwingine aliyempenda. Mzee Osmund alikuwa Mngoni wa Songea, aliyefika Tabora kijana akazeekea huku. Mimi ni Mnyamwezi. Anayejua utani anajua maana yake: mimi na yeye tuliruhusiwa kuambiana lolote, na kununa lilikuwa kosa.

“We mpagazi,” angeniita nikiingia, “mzigo wa leo umeutua wapi?”

“Nimeutua juu ya kaburi lako, Mngoni, ukusubiri.”

“Nikifa mimi nani atakununulia viatu? Miguu yenyewe hiyo, kama makasia.”

“Nitavaa vya kwako. Maiti haendi mahali.”

Alikuwa akicheka mpaka anashika nguzo. Na Kengele, kwenye turubai ambalo bado halijaanza kuonyesha kitu, alikuwa ameketi pembeni, sikio moja limesimama na jingine limekunjwa kama leso, anatusikiliza.

*

Mzee Osmund alikufa mchana, kitini mwake nyuma ya ukumbi, filamu ikiendelea. Tulidhani anacheka kimyakimya.

Mjane wake, Mama Tasiana, alinishika mkono pale msibani. “Kesho makaburini uje na taa, mwanangu. Yule punda alikuwa mwenzake. Asizikwe mwenzake hayupo.”

Taa ni kitu cha kubebeka kama jagi. Inaitumia mashine ileile, ila inamtoa Kengele kwenye turubai na kumsimamisha hewani, kimo cha mtu, mweusi na mweupe katikati ya rangi zetu zote. Nilimweka nyuma ya wazee. Alivua kofia zote mbili, na yule kuku akainamisha kichwa.

Jeneza lilifika ukingoni, wabebaji wakalitua, na kila mtu akanitazama.

Kwa Wangoni na sisi, mazishi ambayo mtani hajayaharibu ni mazishi ya mtu asiye na ndugu. Nilitakiwa kuingia kaburini, nilale chali, niseme nyumba hii nimeshaipanga mimi, Mngoni akalale njiani mpaka wanangu wapewe kuku. Nilitakiwa kusema maiti ni mzito kwa sababu amemeza pombe ya watu, kangara yote. Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi, mazuri, yenye makali. Nikafungua kinywa, na hakikutoka kitu.

Padre akakohoa. Mama Tasiana akanikazia macho. Machozi yalikuwa hayajamtoka tangu jana, uso ulikuwa umemkauka kama ngozi ya ngoma, na nilijua anangoja mimi niupige. Nikafungua kinywa tena. Nilimwona Mzee akilini, ameshika nguzo, anacheka.

Ndipo Kengele akapita kando yangu.

Sikumwambia. Naapa kwa tumbo lililonizaa, sikusema neno. Alitembea bila mlio wowote, kwa sababu mlio wake ni mimi, na mimi nilikuwa nimekauka.

Alifika ukingoni, akachungulia, akainama kwa heshima, na kichwa kikamdondokea kaburini. Mwili ukabaki unapapasa shingo. Mkono ukateremka, ukarefuka, ukarefuka, ukatoa soksi. Ukaitupa. Ukateremka tena, ukatoa fuko amevaa miwani, akiwa na hasira za mtu aliyeamshwa. Mara ya mwisho ukatoa kichwa, nacho kilikuwa kinakoroma. Mwili ukakiangalia, ukaona kaburi kumbe ni pazuri kwa usingizi, ukashuka wote. Akalala chali. Miguu ikabaki nje. Akaikunja kama mkeka, akaiweka chini ya kisogo, akavuta udongo hadi kidevuni kama shuka, kisha akatoa mkono mmoja, akatundika kwenye hewa kibao chenye picha ya kufuli.

Mzee mmoja wa Kingoni alisema kwa sauti ya chini, “Huyo ndiye mtani.”

Kicheko kilianzia nyuma. Kilikuja kama mvua inavyokuja Tabora, unaisikia kwenye mabati ya jirani kabla haijakufikia. Padre alijifunika uso kwa kitabu cha sala, na kitabu kikawa kinatikisika. Mama Tasiana alicheka mpaka khanga ikamwanguka begani, kicheko kikavunjika katikati, kikawa kilio, kile alichokuwa amenyimwa tangu jana, na wanawake wakampokea.

Laiti ingeishia hapo.

Kengele alitoka kaburini, akajipangusa, akaenda moja kwa moja kwa Rainery, mtoto mkubwa wa marehemu. Rainery aliondoka nyumbani mdogo kwenda Maputo, akasoma huko, akaoa huko, akarudi na ndege ya asubuhi kumzika baba yake. Utani alikuwa ameusikia kama mtu anavyosikia habari za ugonjwa wa wengine. Alikuwa amesimama peke yake, chozi moja limening’inia shavuni. Kengele akalichomoa. Akalitazama kwenye jua. Akatoa mfukoni muhindi wa kuchoma, akalinyunyiza lile chozi juu yake kama chumvi, akang’ata, akafumba macho kwa utamu. Halafu akaukata muhindi katikati na kumnyooshea nusu.

Najua taa haichomoi chozi. Lakini nilimwona Rainery akijigusa shavu, nalo lilikuwa kavu.

Hakuipokea ile nusu. Aligeuka, akaondoka kabla udongo haujatupwa.

*

Rainery alilalamika, na Bodi ya Michoro Hai, inayotoa vibali vya wasimulizi, ikamtuma Bi Mwanahawa Shekiondo, Msambaa mpole, mwenye mkoba mkubwa na viatu vya kutembelea. Kikao kilifanyika asubuhi mle mle ukumbini. Rainery alikaa upande mmoja, mama yake akakaa upande wa pili. Katikati yao, kwenye mwanga wa taa, Kengele alikaa juu ya kiti ambacho alikuwa amekitoa sikioni. Watu wa mtaa walijaa. Mama Shija alikuja na asali yake, kama vile kuna filamu.

“Dada Nyamizi,” alianza Bi Mwanahawa, “swali langu ni moja. Pale makaburini, punda alitenda kwa neno lako?”

“Ukijibiwa ndiyo, kinafuata nini?”

“Wewe msimulizi hujibu swali kwa swali?”

“Mimi Mnyamwezi sinunui mbuzi gunia limefungwa.”

Alitabasamu kidogo. “Haya. Mchoro ukitenda kwa neno la msimulizi, ni chombo. Kosa ni lako, unamwomba radhi Bwana Rainery hapa hapa, yamekwisha, mchana mnaendelea na treni yenu. Mchoro ukitenda bila neno, una nafsi. Na mwenye nafsi hatuwezi kumwacha agongwe na treni kila siku watu wakila karanga. Tunamtia mifupa.”

“Mifupa gani?” aliuliza Mama Tasiana.

“Ni kanuni tu, mama. Tunaiambia mashine kwamba mkono huu unakunjika hapa na hapa, pengine popote haukunjiki. Akigongwa, atavunjika. Akivunjika, ataumia. Mashine ikishajua hivyo, haitamkisia tena akipita mbele ya treni. Atakaa pembeni. Atakuwa salama.”

“Salama akifanya nini?” aliuliza Mama Shija.

Bi Mwanahawa akafungua mkoba.

Sitaki mnidhanie nilimwona mwanamke yule kuwa mbaya. Swali lake lilikuwa langu kabla halijawa lake. Je, treni inamuuma? Nimemsemea Kengele “aii, mama yangu!” mara nyingi mno, kiasi kwamba siwezi kujua kama aliwahi kuisema mwenyewe. Pengine kila mchana tulikuwa tunamcheka mtu anayelia, nami ndiye niliyekifunika kilio kwa maneno mazuri. Lilininyima raha hilo, na bado sijalimaliza.

“Nitamtia mfupa wa kidole kimoja,” alisema Bi Mwanahawa, “ili wote muone tunachokizungumza.” Akabonyeza kidude mkononi.

Kidole cha Kengele kikanyooka ndani ya glavu. Akakitazama. Akajaribu kukikunja kiwe kijiko, kikakataa. Akajaribu kukifunga fundo. Akashangaa, akainua mkono kuwaonyesha watu, na kidole kikagonga mgongo wa kiti.

Kinywa chake kilifunguka chote. Nami sikumtilia sauti.

Hakuna aliyecheka. Ukumbi mzima uliusikia ule ukimya. Kengele aliwatazama watu mmoja mmoja, kama mgeni aliyeingia chumbani mazungumzo yakakatika, na nikaona anaona walivyokunja nyuso kwa ajili yake. Akafikiri. Kisha akavua kofia, akaitundika kwenye kidole kile kilichonyooka. Akavua ya pili, akaitundika juu yake. Kuku akatafuta pa kwenda, akapanda pale kama kwenye kichanja, akaanza kutaga.

Mama Shija alipasuka kwa kicheko, na wengine wakamfuata. Bi Mwanahawa alibana midomo, lakini mabega yalimfichua.

“Basi nautoa,” alisema akijifuta macho.

Kengele akauficha mkono nyuma ya mgongo.

“Mpe mkono, Kengele,” nilisema kwenye kipaza sauti. Hakutoa. Nikasema tena, kwa sauti ile ya kusimulia: “Punda akautoa mkono.” Hakuutoa. Alinitikisia kichwa polepole, na masikio yakatikisika baadaye, kila moja kwa wakati wake.

Bi Mwanahawa akanitazama mimi, si Kengele.

Mama Tasiana aliniinamia. “Mwanangu, omba radhi tu. Sema ulikuwa wewe. Nani atajua? Ukumbi ubaki, na yeye abaki hivi hivi na mguu wake wa tarumbeta. Neno moja tu, nawe una maneno mengi.”

“Nitajua mimi, mama. Na yeye atajua.”

“Atanyamaza. Ni bubu.”

“Ndiyo maana.”

Rainery alisimama. Alikuwa na sura ya baba yake, ila iliyosafiri mbali. “Mimi ndiye niliyelalamika,” alisema, “na hakuna aliyeniuliza.” Akamwendea Kengele hadi uso kwa uso. “Wewe. Mla majani. Baba yangu hajafukiwa, unanilia chozi langu na muhindi? Huna haya? Masikio yenyewe kama suruali zilizoanikwa!”

Mzee mmoja nyuma akasema, “Ehee!”

Kengele akamtazama kwa furaha kubwa, furaha ya mtu aliyengoja jibu tangu siku ile. Akakunja mikono ya shati asilolivaa, akageuza shavu, akaligonga kwa kile kidole kisichokunjika: hapa.

Rainery akampiga kofi. Mkono ulipita hewani, lakini uso wa Kengele ukazunguka shingoni kama gurudumu. Kwanza ukapita uso wake, kisha wa polisi mwenye sharubu, kisha wa mwezi, na uliposimama ulikuwa uso wa punda mwenye meno ya Rainery, ulimi nje. Rainery alitoa sauti ambayo sikuijua ni ya nini. Ilikuwa kicheko. Kilimtoka kwa nguvu kama kikohozi, akaketi sakafuni palepale, akalia kwa kwikwi, na Kengele akaketi kando yake bila kufanya chochote.

Tulisubiri. Bi Mwanahawa hakumharakisha mtu, na kwa hilo namsifu.

“Bwana Rainery,” aliuliza mwishowe, “unayaondoa malalamiko?”

“Siyaondoi. Alinikosea.” Akajipangusa pua. “Lakini nikimdai, namdai yeye, si huyu dada. Na mifupa msimtie. Sikulalamika kwamba hana mifupa.”

“Sheria haina nafasi ya hayo, kaka yangu.” Bi Mwanahawa alisema kwa huzuni, na nilimwamini. “Malalamiko yakibaki, nataka moja kati ya mawili. Nyamizi, ukiomba radhi sasa, alikuwa chombo na mambo yameisha. Usipoomba, naandika kwamba ana nafsi. Hapo ukumbi unafungwa, kibali chako cha kusimulia nakichukua, na shauri linakwenda kwa wakubwa. Nitawaeleza niliyoyaona leo. Nitawaeleza habari ya mtani, kadiri nitakavyoweza. Ila siwezi kukuahidi kwamba hawatamtia mifupa mwili mzima. Umeelewa?”

“Nimeelewa.”

Nilimgeukia Kengele. Tangu nianze kazi hii nilikuwa nimemsemea kila kitu, na sasa nilikuwa na haja ya kumuuliza, wala sikujua kuuliza bila kumjibia. Nikazima kipaza sauti. Nikakiweka chini. Nikanyamaza, jambo ambalo wanaonifahamu watakwambia ni gumu kuliko kupanda milima ya Uluguru na mtungi kichwani.

Aliinuka kutoka kwa Rainery. Alikuja, hatua baada ya hatua, hakuna kilicholia. Alinitazama karibu sana, macho yake yakiwa mahali pake kwa mara ya kwanza, hayakutoka kwenda popote. Kisha akainua kile kidole chenye mfupa na kukiweka juu ya midomo yangu.

Taa haina uzito. Sikuhisi kitu. Lakini nilijua kabisa ninaambiwa nini, na nani anayeniambia.

“Nakusikiliza,” alisema Bi Mwanahawa, kalamu mkononi.

“Nimesomea maneno,” nilisema. “Nayajua yote ya kuombea msamaha: samahani, kunradhi, niwie radhi, nisamehe. Ni mazuri, na siku nikikosa nitayatumia yote. Pale makaburini nilimpenda Mzee Osmund nikashindwa kumcheka. Huyu alimpenda akaweza. Kitendo ni chake. Sikiibi ili nibaki na ukumbi, wala simfanyi chombo kama jagi ili abaki na tarumbeta. Mkitaka kumtia mifupa, mtamtia mkijua mnamtia nani, na mtamwangalia usoni. Kibali changu hicho hapo mezani. Siombi radhi.”

“Hata kwa kuniwekea mimi tu heshima?” aliuliza, karibu kwa kunong’ona.

“Heshima unayo, dada. Radhi siombi.”